Kasuku Anayeitikia Hodi

Mwanangu Zainabo,

Salamu zangu nitakupa kesho kwa mdomo nikikushika kichwa, kwa hiyo hapa sizirudii. Hapa nakuandikia yale ambayo nikijaribu kuyasema utanikata kwa lile neno lako, "Mamã, calma," yaani nitulie, tutacheka, na utaondoka yakiwa yamenibakia kooni. Umekwenda kuwaaga walimu wako. Baba yako yuko kwenye kibarua chake cha ujenzi, hatarudi mpaka karibu na magharibi. Nimekaa ukumbini, mlango wa mbele nimeurudisha, na nimejiapiza sitainuka mpaka nimalize. Na usije ukasema Kiswahili changu kirefu sana hukuweza kusoma hadi mwisho. Meseji za wenzako za Kireno unazisoma ndefu kuliko hii.

Mambo ya nguo, ya dawa za malaria, ya kumtii mama yako mdogo Tima huko Nampula, sitayaandika. Hayo unayajua, na usiyoyajua Tima atakufundisha kwa makelele, mdogo wangu namjua. Nataka tuzungumze habari ya Chefe.

Juzi wakati wa chakula ulisema mbele ya baba yako kwamba kasuku wako humchukui. "Chefe nawaachia nyie," ulisema. "Mama asibaki mpweke. Na atawalinda kama alivyotulinda siku ile." Ulisema kwa furaha, kama mtu anayetoa zawadi. Mimi nikajifanya natafuta mwiba kwenye samaki. Baba yako akaosha mkono kabla hajashiba akatoka nje. Uliponitazama nikakuambia tumbo linamsumbua. Halikuwa tumbo, mwanangu. Usiku wake aliniambia kwamba siku utakayoondoka wewe, na ndege naye aondoke. Aende wapi, hakusema, na mimi sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu.

Basi nakuomba umchukue. Kesho, ndani ya kikapu, mpaka Nampula kwa Tima. Hiyo ndiyo haja ya barua hii. Najua utakataa, kwa hiyo itabidi nianze mbali.

Wewe unamkumbuka Chefe akiwa tayari ni Chefe, na kichwa chake cha kahawia na mgongo wa kijani, anatembea juu ya kaunta kama mkubwa wa idara aliyekuja kukagua. Jina ulimpa wewe kwa mwendo huo. Lakini hukumbuki vizuri alivyoingia nyumba hii. Baba yako alikuwa anaangusha mnazi mkavu huko nyuma apate nguzo za kibanda. Shina lilipopasuka, ndani ya tundu kulikuwa na makinda watatu, hawana hata unyoya, macho yamefumba, wabaya kiasi kwamba wewe, uliyekuwa ndiyo kwanza umeanza shule, ulilia ukidhani ni panya waliochunwa. Baba yako ndiye aliyevua shati akawafunika. Akaniletea jikoni akasema, "Mama Zena, hawa tumewavunjia nyumba. Tuwalee." Naomba ulishike hilo kila utakapotaka kumkasirikia.

Kulea makinda sikujua. Yule wa kwanza nilimuua kwa uji. Niliupika, nikaupuliza juu juu kama ninavyompulizia mtoto wa mtu, nikamlisha kwa kijiko. Alimeza upesi, nikafurahi. Kumbe ulikwenda kumuunguza chini, kwenye kile kifuko cha shingoni ambamo chakula cha ndege hukaa kabla ya kushuka tumboni. Baada ya siku chache ngozi ikatoboka, uji ukawa unaingilia mdomoni na kutokea shingoni. Wa pili nilimuua kwa huruma. Kila akifungua mdomo nilimpa, sikungoja kifuko kiishe, chakula kikachachia humo humo mpaka kinda zima likanuka togwa. Kufika kwa Chefe nilikuwa nimeshapata akili. Uji nikaujaribu kwa upande wa ndani wa mkono, uwe vuguvugu tu, na nikajua kwamba kinda akifungua mdomo si lazima awe na njaa. Mara nyingine anaita tu ajue kama upo.

Makosa hayakuishia hapo. Nilimkata mabawa yote mawili bila kuuliza, nikakata mpaka manyoya machanga ambayo bado yana damu ndani, damu ikachirizika mpaka kwenye kiwiko changu. Akajirusha kutoka juu ya kabati akidhani bado anaruka, akaangukia kifua, kikapasuka. Ulinigomea kuongea siku nzima, na ulikuwa na haki. Nikamlisha pilipili kwa sababu watu wanasema zinafungua ulimi wa kasuku. Alizila kama peremende na hakusema kitu. Wale wa kijivu wanaoletwa kutoka mbali ndio wasemaji. Hawa wa kwetu wengi wao hupiga kelele tu mpaka wanakufa. Huyu wetu alijifunza kusema kwa sababu mimi nilikuwa mpweke.

Siku hizo baba yako alikuwa bado ana mtaji. Alikuwa akivuka Rovuma kwenda Mtwara kuleta kanga na sabuni, anakaa huko wiki nzima na zaidi. Wewe uko shule. Mimi duka liko mbele, jiko liko nyuma, na mtu niliyezoea nyumba ya mama yangu iliyojaa watu nikawa naongea na masufuria. Mteja akija anabisha hodi, mimi nikiwa jikoni nakoroga mchuzi napaza sauti, "Karibu! Pita ndani!" Chefe katikati, kwenye kizimba chake hapa ukumbini, anasikia hivyo kutwa. Siku moja mikono yangu imejaa unga, mtu akabisha, na kabla sijafungua mdomo nikasikia, "Karibu! Pita ndani!" Sauti ndogo, imekwaruza kidogo, lakini yangu, na kule kuvuta mwisho wa neno ambako bibi yako alikuwa akinisema nako. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamkimbilia na karanga.

Kuanzia hapo ikawa mchezo wetu. Hodi, karibu, karanga. Wateja wakawa wanakuja kwa ajili yake. Bi Atija wa nyumba ya pili alikuwa anakuja kubisha tu, hanunui kitu. "Huyu ndo mwenye duka," akasema, "wee mpishi wake tu." Nikajivuna. Na mwanangu, hakuna mtu wa pwani hii ambaye angeweza kuniambia kwamba ninafanya kosa. Kumfundisha ndege kukaribisha watu kuna ubaya gani?

Siku ile hatujawahi kuizungumza sisi watatu pamoja. Kila mmoja anayo ya kwake. Nitakupa yangu.

Milio ya bunduki ilipoanza upande wa barabara, baba yako alitusukuma stoo, nyuma ya magunia ya mchele na makasha ya sabuni. Kizimba kilibaki ukumbini, hakuna aliyekikumbuka. Mlango wa mbele baba yako aliurudisha tu, hakuufunga. Alisema mlango uliofungwa kwa ndani unaonyesha kuna watu. Tukasikia wale watu wenye bunduki wanavunja nyumba ya mbele yetu. Kisha mtu akasimama mlangoni petu, na yeye hakuvunja. Akasema, "Hodi." Alisema taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyekuja kuazima chungio.

Walikuwa wanatujua. Walijua mdomo wa mtu wa kwetu huitika kabla ya akili. Mimi mwenyewe nilisikia ulimi unainuka, nikauma kanga. Na mle gizani, kanga iko mdomoni, nikasikia sauti yangu inasema, "Karibu! Pita ndani!"

Nilikuziba mdomo kwa nguvu mpaka jino lako likachana mdomo. Lile kovu unalolipaka rangi ni mkono wangu. Baba yako akageuka akanitazama, na kwa kitambo kifupi alidhani ni mimi niliyeitika. Katika ndoa yetu yote hakuwahi kunitazama hivyo, kabla yake wala baada yake. Wakaingia. Wangapi, sijui, nilisikia miguu tu. Mmoja akasema, "Mama, toka basi, tushakusikia." Akasema tena, "Hodi," na Chefe akamjibu tena kwa bashasha, maana alikuwa anasubiri karanga yake. Hapo wakacheka. Walicheka kama watu wowote wanavyocheka, na kicheko hicho ndicho kinachonirudia kuliko milio. "Kumbe jidege!" mmoja alisema. Wakachukua sukari na simu tulizoziacha kwenye chaji, wakatoka. Stoo hawakuifungua.

Wewe tangu siku ile unasema Chefe alituokoa. Walisikia sauti, wakamkuta mwenye sauti, hawakuwa na sababu ya kutafuta zaidi. Baba yako anasema Chefe aliwaita, na kama asingeitika wangepita. Nimewasikiliza nyote wawili, wewe kwa sauti na yeye kwa kununa, na sijaweza kumpinga hata mmoja. Nimekaa katikati yenu muda wote huu na nimechoka.

Kuna jambo hukuliona. Tulipokimbia kwenda Nhica uling'ang'ania kikapu, ukasema hutembei bila Chefe, tukamfunika kwa kaniki nyeusi. Unajua kwamba kasuku akiwekwa gizani hunyamaza, lakini wale tuliolala nao porini hawakujua. Jioni ya kwanza, wewe umeshasinzia, mama mmoja aliyekuwa na kichanga akanisogelea akaninong'oneza, "Dada, mnyonge shingo huyo. Sisi watoto wetu tumewaziba midomo, wewe unabeba domo." Hakusema kwa ubaya. Nikaingiza mkono kwenye kikapu. Shingo yake ilikuwa hapa, kati ya kidole gumba na hiki cha shahada, nyembamba, ina joto. Nikasema moyoni, Zena akiamka nitamwambia amekufa kwa hofu. Ndege huyo huyo nilimlisha kwa kijiko. Akachukua ncha ya ukucha wangu kwa mdomo wake, taratibu, akaanza kuusafisha, kama anavyofanya kwa manyoya yake. Sikuweza. Lakini ujue kwamba nilikuwa nimeamua, na kwamba mkono ulikuwa pale. Tangu hapo nikiona baba yako anamtazama Chefe kwa lile jicho, siwezi kumhukumu.

Wewe unamwona baba yako kama mtu mwenye chuki na ndege. Hulali chumba kimoja naye. Mtu akibisha hodi hapa hata mchana kweupe, Chefe akiitika, baba yako anasimama. Hajui kama amesimama. Jasho linamtoka kwenye mdomo wa juu na mkono wake unatafuta kitu cha kushika. Kisha anajikuta amesimama, anaona haya, anajifanya alikuwa anakwenda kunywa maji. Unadhani kwa nini mtungi wetu hauishi kujazwa? Anakwenda kibaruani hata siku isiyo na kazi ili asikae na sauti ile. Na ni sauti yangu, Zainabo. Fikiria hilo. Mume wangu anaogopa sauti yangu ndani ya nyumba yake.

Nilijaribu kumfuta ndege lile neno. Nilianza tuliporudi na hukuniuliza kwa nini karanga zimekatika. Watu wakibisha, simpi kitu, simtazami. Nikamhamishia jikoni. Moshi ukamkausha pua akaanza kukohoa kama mzee wa tumbaku, nikamrudisha. Nikamfundisha kupiga mluzi badala yake, akajifunza mluzi upesi sana, sasa anapiga mluzi kisha anasema karibu. Kasuku unaweza kumwongezea maneno. Kumpunguzia huwezi, na kama kuna mtu anajua njia, hajafika Palma.

Nilifikiri kumwachia huru. Nilimtoa siku moja, hukuwepo, nikamweka juu ya mkorosho. Kipanga alipita juu, na kila kitu chenye manyoya kikajificha, hata kuku wa Bi Atija. Chefe alibaki tawini wazi kabisa akimtazama kama mteja. Mdogo huyu tulimlea kwa mikono, hajui nani adui. Nilipanda mwenyewe kumshusha, na umri huu, na Bi Atija akanicheka mpaka jioni. Kumpa Bi Atija mwenyewe haisaidii, tunatenganishwa na ukuta mmoja. Na wale wanaowavusha kasuku mpakani wakiwa wamewafunga miguu na kuwasokomeza kwenye mabomba, siwezi hata kuwataja wakati yeye ananisikia.

Sasa ujue kwa nini nina haraka. Wiki iliyopita uliona watu wakipita na magodoro juu ya baiskeli, nikakuambia wanahama kufuata mashamba. Wanakimbia, wametoka upande wa Mbau. Labda ni uvumi tu, umeshatukimbiza uvumi mara ngapi. Lakini baba yako ameshahamisha magunia stoo, ameyapanga upya kwa namna ninayoijua, yameacha nafasi nyuma. Nafasi ya watu wawili. Nilipoiona nafasi ile nilishukuru kwamba wewe unaondoka, halafu nikageuka nikamwona Chefe kwenye kizimba chake, ananiinamishia kichwa nimkune.

Kama watakuja tena, ataitika. Hawatacheka mara ya pili, au watacheka, sijui. Wewe unasema atatulinda. Mwanangu, siwezi kukaa nyuma ya magunia nikisubiri kujua kati yako na baba yako nani alikuwa sahihi.

Kwa hiyo mchukue. Usidhani unaninyang'anya. Tena ukimwacha atakufa kwa njia nyingine, maana mimi ni wa karanga tu, wa moyo wake ni wewe. Unakumbuka ulipolazwa hospitali, ulirudi ukamkuta kifua kitupu, amejing'oa manyoya moja moja? Nilikuambia ni kubadilisha manyoya. Alikuwa anajing'oa kila ikifika saa yako ya kurudi kutoka shuleni. Nilikaa naye, nikamwimbia, nikampa embe, akaendelea huku ananitazama. Huko Nampula utakuwa na kozi, utachoka, utarudi umejaa mambo ya watu, na yeye atapiga kelele. Usimjibu kelele kwa kelele, atadhani mnaimba. Mtafutie kitu cha kutafuna, kigogo, gunzi, mti wowote laini. Mtu asiye na kazi hujing'oa, na ndege pia. Mabawa usimkate tena. Na Tima anapenda parachichi, nyumba yake haikosi. Mwambie kwa lugha atakayoelewa kwamba parachichi kwa kasuku ni sumu, asije akamlisha kwa mapenzi. Mimi najua watu wanavyoua kwa mapenzi.

Njiani mfunike kwa kaniki ileile. Anyamaze mpaka mpite Mocímboa na vizuizi vyote. Wanajeshi wakitaka kuona, funua kidogo tu, uwaambie ni kasuku wa nyumbani, usicheze nao, usimwonyeshe anavyojua kusema.

Halafu ukifika, mfunue. Hapo ndipo ninapotaka unisikie. Tima anaishi kwenye nyumba inayoingia watu kutwa, majirani wanabisha wanaingia wanakula wanatoka. Mwache aitike. Usimnyamazishe kwa ajili ya habari hizi. Neno lile nililomfundisha ni zuri, nililifundisha nikiwa na furaha, na ninaumia sana kwamba hapa kwetu limekuwa la kuogopwa. Angalau liende mahali ambapo mtu akilisikia anaingia na kukaa.

Nimebakiza moja na hili ndilo gumu, hata baba yako halijui. Wewe husema nisibaki mpweke, na mimi nimekuacha useme hivyo. Ukweli ni kwamba tangu siku ile mimi sijawahi kuitikia hodi. Hata mara moja. Bi Atija akibisha, Chefe anamjibu, anaingia, ananikuta na sufuria mkononi ninatabasamu. Wateja hivyo hivyo. Wote wanadhani ni mchezo wetu ule wa zamani. Siku Chefe alipokuwa mgonjwa wa kifua watu walibisha wakachoka wakarudi, duka likalala, nikasema nilikuwa nimesinzia. Nikijaribu, neno linafika hapa kooni, ninasikia ladha ya kanga. Nimekuwa nikiishi kwa mdomo wa ndege. Ndiyo maana nimechelewa kukuambia umchukue, nimengoja mpaka siku ya mwisho. Nilijiambia nakungoja wewe uamue. Si kweli. Nilikuwa naogopa nyumba hii bila yeye kuliko nilivyowaogopa wale watu.

Nimesimama kidogo, nimerudi sasa. Angalia mwandiko ulivyobadilika.

Nilikuwa nimemweka Chefe kwenye kikapu na kumfunika, nimzoeshe safari. Ametulia humo tangu nilipoanza kukuandikia, nikamsahau. Nilipomaliza hayo ya hapo juu mtu akabisha mlangoni. "Hodi." Sauti ya mwanamume, siijui. Nikangoja Chefe aitike. Kikapu kimya. Ndipo nikakumbuka kaniki.

Akabisha tena. Mkono wangu ukaenda kwenye fundo la kaniki, Zainabo, nimfunue anijibie. Nilikuwa nimeshalilegeza. Nikawaza, kesho saa hizi mko njiani, na mtu mwingine yuko mlangoni, nitafungua fundo gani? Nikauondoa mkono. Desturi yetu unaijua, mtu hubisha mara tatu, asipoitikiwa huenda zake. Ningeweza kukaa kimya tu, ya tatu ingepita, angeondoka.

Akabisha ya tatu. Nikasema, "Karibu."

Ilitoka mbaya, imekwama, kama ya mtu aliyeamshwa. Nikadhani hakusikia. Nikasema tena, kwa nguvu, "Karibu, pita ndani!" Mlango ukasukumwa. Kisha nikamwona kwenye mwanga wa mlango: anavua viatu. Siku ile hakuna aliyevua. Huyu alikuwa mtu wa gari, ametumwa kuuliza kama mzigo wenu ni mwingi. Miguu yake mitupu, ina vumbi, amesimama kwenye mkeka wangu kwa haya. Nimempa maji akanywa. Akanitazama usoni akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, mwanangu anasafiri.

Nimemwambia mizigo ni sanduku moja, gunia moja la mchele wa Tima, na kikapu kimoja chenye ndege.

Mchukue, Zena. Hapa kwetu nitaitika mwenyewe.

Mama yako